Toa Mkono Kwanza, Shikamoo Baadaye

Shule mimi niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikuwa nahudhuria siku ambazo hakuna redio ya kutengeneza. Nalisema mwanzo kabisa ili msomaji asije akanitafutia vyeti. Sina. Nina mikono miwili, nina nyumba ya bati la rangi iliyojengwa na mikono hiyo, na nina watu. Watu wangu wametapakaa kuanzia Bunju mpaka Chalinze, kila mmoja na meza yake, na ukiwauliza ni nani aliyewafundisha kuifungua kompyuta na kuifunga wakiwa bado wazima, watanitaja mimi kabla hujamaliza swali.

Hapo kwenye wakiwa bado wazima ndipo penye kazi. Kufungua tu, anafungua yeyote mwenye bisibisi.

Kompyuta ninazozisema ni zile zisizo na sipiyu ya pembeni. Kila kitu kimo nyuma ya kioo: bodi, diski, feni, spika, na pawa saplai. Mafundi wa Kariakoo wanaziita olinwani, na mimi sina Kiingereza cha kuwasahihisha. Mwenye ofisi anazipenda kwa sababu meza yake inabaki wazi. Fundi akizifungua anakuta vitu vyote vimebanana kama wapangaji wa chumba kimoja, na zile za zamani zina pawa saplai humo humo ndani, na kwenye pawa saplai kuna kapasita, na kapasita inatunza umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Umezima swichi, umechomoa, umeridhika, unaingiza kidole. Kumbe umeme ulikuwa umekaa ndani unakusubiri.

Mimi nililijua hilo kwa televisheni ya mtu wa Kerege, iliyonirusha kutoka kwenye stuli mpaka juu ya gunia la mchele. Niliinuka pale nikiwa na adabu mpya.

Darasa langu lilianzia nyuma ya duka la mzee mmoja wa Kihindi, muuza vyombo na vitambaa, ambaye sisi wote wa Bagamoyo tumekua tukinunua pipi kwenye kaunta yake. Alikuwa amechukua mzigo wa olinwani zilizotolewa kwenye maofisi ya Dar es Salaam, akitaka kuziuza mashuleni. Nyingi zilikuwa zimekufa. Akaniita mimi. Ungemwita nani mwingine? Nikamwambia, "Mzee, nikizifanya peke yangu utazeeka mara ya pili unasubiri. Nipe lile ghala lako la nyuma, nikutengenezee mafundi, nao watengeneze kompyuta." Akaniangalia, akacheka, akanipa ufunguo.

Nilichukua vijana wachache na dada mmoja. Vijana sitawaeleza wote, ila wawili: mmoja alikuwa mtoto wa Dar aliyeongea utadhani analipwa kwa neno, na mwingine alitoka Vigwaza, amekulia kwenye magari ya mizigo, sauti yake kama honi. Yule dada alikuwa mke wa mtu, mama wa watoto wawili, amelelewa na bibi yake hapa mjini, kwenye nyumba ambayo sauti ya mwanamke haivuki kizingiti. Alikuwa anasuka ukili tangu mdogo, na vidole vyake ukiviona kazini ungesema vina macho. Zile skrubu ndogo zinazowatoroka wanaume chini ya meza, kwake zilitulia.

Na yeye ndiye aliyekuwa na haja kuliko wote. Mumewe alikuwa anatokea Miono, na wakwe walimruhusu kukaa kwa shangazi yake Kerege na kuja kujifunza, mpaka mafunzo yaishe tu. Akipata kazi, abaki. Asipopata, arudi Miono kwenye mashamba ya ufuta. Mzee wa duka naye alikuwa anafungua tawi Kerege, na alitaka fundi mmoja wa kukaa kwenye kaunta ya mbele. Aliniambia, "Utakayenipa wewe, ndiye huyo." Kwa hiyo neno langu ndilo lililokuwa njia yake, na alilijua hilo, na mimi nililijua.

Sasa mafunzo yangu. Wengine wanaanza na kompyuta. Mimi naanza na mtu. Pete, saa, bangili, vyote mezani. Waya uchomolewe ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie, itapike kilichobaki. Bado usiiamini. Laza kioo kifudifudi juu ya sponji iliyovishwa kanga, maana kioo kikipata mkwaruzo mwenye mali hatakuuliza habari za umeme. Ukilazimika kupima mashine ikiwa imechomekwa, weka kitambaa chekundu mezani kila mtu akione, na mkono mmoja uwe mgongoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Hayo yote niliyatunga mwenyewe, kidogo kwa akili na kidogo kwa maumivu.

Sheria kubwa ilikuwa ya mwisho. Ukimwona mtu yeyote anapeleka mkono pasipofaa, unafoka: toa mkono. Hakuna samahani, hakuna naomba. Awe mwenzako, awe mimi, awe mkuu wa wilaya.

Basi nikaanza kuwapima. Nachukua mashine mfu, iliyokaa siku nyingi bila umeme, naweka kitambaa chekundu kama vile imechomekwa, naongea maneno yangu, halafu katikati ya maneno napeleka kidole taratibu kwenye pawa saplai. Siku ya kwanza darasa zima lilikodoa macho. Siku iliyofuata yule wa Dar akasema, "Oya mwalimu, toa mkono bwana, unatuharibia siku." Nikampa mkono. Wa Vigwaza naye alifoka mpaka mteja wa mbele dukani akaangusha sufuria.

Zamu ya dada ilipofika, nikapeleka kidole. Akasimama. Akainamisha kichwa kidogo. Akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Samahani mwalimu, kama hutojali, nilikuwa naona kama mkono wako..."

"Nimeshakufa," nikamwambia.

"Lakini mwalimu..."

"Nimeoshwa, nimekafiniwa, mmenibeba. Hapo ulipofika wewe kwenye mkono wangu, watu wanakula pilau ya hitima yangu."

Yule wa Dar akadakia, "Na nyama ilikuwa kidogo." Darasa likacheka, na dada mwenyewe akacheka, mtandio ukiwa mdomoni. Lakini tulipojaribu tena alianza na samahani ile ile.

Nikamwita pembeni. Nikamwambia, "Binti, mikono yako ni ya kwanza hapa ndani. Lakini bila kufoka sikupitishi kuwa fundi."

Akasema, "Mwalimu, si naweza tu kumshika mtu mkono nikamvuta?"

"Umeme ukishamshika, ukimshika na wewe mnaondoka wote."

"Nikikimbilia swichi?"

"Ulichojifunza ni nini? Swichi haiujui umeme ulioko tumboni."

Hakuwa mbishi, alikuwa anatafuta mlango mwingine wa kutokea, na mimi nilishaifunga milango yote kwa sababu hata mimi niliwahi kuitafuta. Mwisho akasema polepole, "Bibi alinilea kwamba mtu mzima kwanza anaamkiwa. Hata kama nyumba inaungua, unasema shikamoo, halafu unasema moto."

"Na bibi yako kasema kweli," nikamjibu, "ila bibi yako hakuwa na olinwani."

Akaenda kufanya mazoezi Kerege. Hadithi yake tuliipata kwa shangazi mwenyewe, aliyekuja dukani kununua beseni akatusimulia. Alianza na kuku. Aliwafokea kuku toa mkono mpaka wakahamia kwa jirani. Kisha akawageukia watoto wake wanaponyapia vitumbua kwenye chungu: toa mkono. Watoto wakaacha kunyapia, jambo ambalo shangazi alisema hajawahi kuliona tangu azaliwe. Jirani akaja na kanga begani kuamua ugomvi, akakuta hakuna ugomvi, ni masomo. Kuku aliwaweza, watoto aliwaweza. Akija darasani akaniona mimi na ndevu zangu, anarudi kwenye samahani.

Mafunzo yakafika mwisho. Mzee akatuma salamu kwamba kesho asubuhi anakuja ghalani kuwaangalia mafundi wake na kumchukua mtu wa Kerege. Jioni ile dada aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, utamwambia nini?" Nikamwambia nitasema nilichokiona. Hakulia wala hakubembeleza. Alikunja kanga yake ya kazi, akaenda zake kituoni. Mimi nami, pamoja na ujanja wangu wote, chakula cha jioni ile hakikunipendeza.

Asubuhi kila mmoja alipewa mashine yake afungue. Kwenye meza ya katikati niliweka mashine yangu mwenyewe, imefunguliwa, imechomekwa kweli kweli, kitambaa chekundu kipo, kwa sababu nilitaka kumwonyesha mzee vipimo. Mashine hiyo ilikuwa na mkosi wa kawaida wa pwani yetu: chumvi ya hewani imeota kijani kwenye bodi, na mjusi mdogo amekauka juu ya pawa saplai. Wanapenda joto, wale. Sikumtoa mjusi. Nilitaka mzee aone tunapambana na nini.

Mzee akaingia, mikono nyuma, anavyotembea siku zote. Nikasema moyoni, tazama, huyu hata bila kufundishwa mkono ameuweka mgongoni. Vijana wote wakasimama, shikamoo babu, shikamoo babu, kama wanafunzi wa chuoni. Dada peke yake hakusimama. Alikuwa amenyanyua kioo cha mashine yake kwa mikono miwili, ule waya mwembamba wa ndani bado haujachomoka, na kioo kama hicho huwezi kukiachia hata kwa sultani. Niliona masikio yake yanawaka kwa haya. Mzee wa heshima ameingia na yeye hajamwamkia. Akakilaza kioo taratibu juu ya kanga, akachomoa ule waya, akawa anajipanga kuinuka.

Mimi nilikuwa nimegeuka kwenye rafu kuchukua mita ya kupimia umeme.

Mzee alikuwa amesimama kwenye meza ya katikati. Akamwona mjusi. Mtu aliyeuza vyombo maisha yake yote hawezi kuona uchafu akauacha. Akatoa mkono mgongoni, ule wenye pete ya fedha ya akiki, akanyoosha kidole amfagie yule mjusi.

Na vijana wangu wakamwona. Wa Dar, mwenye maneno yote yale, alifungua mdomo likabaki tundu. Wa Vigwaza, honi yake ikazima. Kunifokea mimi waliweza, mimi ni wa kwao. Huyu alikuwa ni yule babu wa pipi.

"TOA MKONO!"

Niligeuka mita ikiwa hewani. Sauti ile sikuijua. Ilitoka ghalani, ikapita dukani, ikafika barabarani, na dereva wa bajaji aliyekuwa amesimama nje akashika breki ya gari lisilotembea. Mzee alirudisha mkono kifuani kama aliyechomwa na chai. Feni tu ya ile mashine ndiyo iliyokuwa inazunguka.

Dada alikuwa amesimama. Akaweka bisibisi mezani, akajifunga mtandio vizuri, akasogea mbele ya mzee, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," mzee akasema. Kisha akauliza lile swali ambalo hapa kwetu ukiulizwa unajua umefika mbele ya kadhi: "Wewe mtoto wa nani?"

Akamtaja bibi yake na mtaa wao. Mzee akatikisa kichwa. "Namjua. Alikuwa anakuja kununua uzi kwangu. Huyo mama alikuwa anaongea, lazima niiname juu ya kaunta nimsikie."

"Ndiye huyo, babu."

"Sasa wewe sauti hii umeitoa wapi?"

"Kwa kuku, babu," akajibu, na hakuwa anatania.

Hapo nikaingia mimi, maana nilijua maneno hayatoshi. Nikachomoa waya ukutani mbele ya macho ya mzee. Nikamwambia asubiri. Nikachukua ile balbu yangu ya majaribio yenye nyaya mbili, mkono mmoja mgongoni, nikagusisha pale pale chini ya mjusi, alipokuwa anapeleka kidole. Balbu ikawaka, ikatuangaza nyuso, ikafifia.

"Hiyo ni baada ya kuchomoa," nikasema.

Mzee alivua ile pete polepole, ilikuwa imebana, akaitia mfuko wa shati. Kisha akamgeukia dada. "Kerege tunafungua wiki ijayo. Utakuja?"

Alinitazama mimi kwanza, mwalimu wake. Nikasema, "Nilikwambia nitasema nilichokiona, na nimekiona. Nenda." Vijana wakapiga makofi, wa Dar akapiga mpaka mluzi, na dada akaficha uso kwa mtandio, sauti yake imerudi ndani kabisa mahali pake.

Juzi nilipita Kerege, nimevaa vizuri, kofia mpya ya kiua. Duka limejaa. Yeye yuko mezani, mwanafunzi wake pembeni, binti kutoka Miono kwa wakwe zake. Wenyewe ndio waliomleta. Mbele yao kuna olinwani imelazwa juu ya kanga, iko wazi, na pawa saplai yake ina kutu nzuri ya kijani ambayo mimi, kwa ufundi wangu, sikuweza kupita bila kuionyesha kwa kidole.

"Toa mkono."

Hakuinua hata uso. Na aliyesema hakuwa yeye, alikuwa yule binti mgeni, ambaye hajawahi kuniona maishani. Wateja wakageuka. Nikautia mkono mfukoni.

"Shikamoo, mwalimu," akasema yule dada, sasa anacheka.

Nikaitikia marahaba, nikawaambia wateja wote waliokuwepo kwamba hao wawili, mnaowaona hapo, nimewafundisha mimi.