Sindano ya Mama iliyokaa mkobani

Leo Mama kagoma kuchomwa sindano, kituo cha afya kizima kinatazama.

Alikanyaga msumari shambani Mutuka, nikamleta mjini achomwe ya pepopunda.

Nesi kamwamkia vizuri: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo sindano umeichemshia wapi?"

"Siku hizi hazichemshwi, bibi. Ni mpya."

"Nani kakwambia ni mpya?"

Jamani! Akafungua mkoba, akafunua kitambaa: bomba la sindano la kioo, la miaka ya themanini, enzi za foleni ya sabuni. Anataka lichemshwe akiona!

Nesi akampa pakiti aifungue mwenyewe. Kaikagua, kainusa (kainusa!), ndipo akapandisha mkono wa gauni.

Sindano ilipotupwa kwenye boksi akashtuka: "Haimchomi mwingine?"

"Hapana, bibi."

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa.

Maana kwenye bajaji ndipo akaniambia: "Enzi zile sindano ziliadimika. Moja ilichoma foleni nzima. Mdogo wangu akavimba mkono, ukaoza, tukamzika. Ndipo nikatafuta ya kwangu."



Tunashuka kwangu Maisaka, akanishika bega: "Jumatatu unirudishe. Nataka kuona lile boksi wanalipeleka wapi."