Kengele ya Mvua

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba kengele ya kanisa la mtaani kwetu ilitoboa ardhi, ikapita chini ya bahari na kutokeza kisiwani Fundo. Msinicheke kwanza. Watu wazima wenye ndevu hadi kitovuni waliamini pia, na wavuvi wa Fundo wakija Wete kuuza pweza walikuwa wakiapa kwamba ikilia huko chini, samaki wa changu hutoka kwenye mitego ya madema kwa adabu, mmoja mmoja, kama watoto wanaotoka chuo cha Kurani.

Yote haya yamenirudia juzi, jiko la jirani yangu hapa Tibirinzi lilipoungua na mvua kulinyeshea kabla jivu halijapoa. Harufu ya chokaa iliyoungua, ikirowana, ilinikuta nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Chai ilipoa hivyo hivyo.

Kanisa lenyewe lilikuwa nje kidogo ya Wete. Lilijengwa kwa mawe na chokaa na watu walioachiwa huru kutoka utumwani, na kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba mtu akikohoa upande wa ndani, wa nje anamsikia kesho yake. Waumini walikuwa wamebaki mmoja na nusu: Mwalimu Petro, mjukuu wa wajenzi, na mkewe aliyekuwa mgonjwa, haonekani kanisani ila Krismasi. Sisi wengine sote Waislamu.

Lakini msimu wa karafuu kanisa lile lilikuwa la kila mtu. Mbele yake palikuwa na sakafu pana iliyoshika jua tangu asubuhi, na mtaa mzima tukitandika majamvi yetu pale kuanika karafuu. Mwalimu Petro alikuwa akikaa ngazini, kofia magotini, akiangalia mbingu upande wa bahari. Akiona wingu lina nia mbaya, anavuta kamba. Kengele ikilia, mama anaacha chungu, mtoto anaacha kitabu, mgonjwa anaacha ugonjwa, wote mbio kuanua. Mvua ikitushinda mbio, milango inafunguliwa na majamvi yanaburutwa mpaka ndani, karafuu zinalazwa juu ya viti vya sala. Bi Time, bibi aliyekuwa mdogo kama kinu na mwenye sauti ya watu sita, alikuwa akivua viatu mlangoni hata radi zikimpigia kichwani.

"Bi Time, humu viatu ruhusa," Mwalimu alikuwa akimwambia.

"Ruhusa kwenu. Miye nshazoea nyumba ya Mungu naingia peku."

Alasiri moja, msimu ukiwa umeisha, mtu alichoma majani shambani nyuma ya kanisa. Upepo ukachukua cheche, ukaitupa kwenye rundo la makonyo makavu ya karafuu yaliyoegemezwa ukutani, na makonyo, kama mjuavyo, yakishika moto hayaombi ruhusa. Tulipokezana ndoo kutoka kisimani mpaka mikono ikafa ganzi. Mwalimu Petro aliingia ndani kuokoa vitabu vya kanisa. Alitoka bila vitabu, viganja vimeungua. Paa likaanguka, na kengele ikaanguka nalo kwa mlio mmoja ambao siwezi kuueleza. Kuta zilibaki zimesimama.

Baba yangu, Hamadi, fundi uashi, alijitolea kulinda magofu hadi jivu lipoe. Siku ya tatu watu walipoingia, kengele haipo. Pale ilipoangukia pana shimo la kina cha goti.

"Imezama," baba alisema. "Nimeisikia kwa masikio yangu haya ikiteremka."

Nani angebisha? Baba alikuwa mtu wa swala tano na maneno matano kwa siku. Kufika Ijumaa kengele ilishafika Fundo. Mimi ndiye niliyekuwa mjuzi mkuu wa safari yake. Nikiwapanga wenzangu walale kifudifudi kwenye shimo, sikio chini, na kila mmoja aliinuka amesikia. Ambaye hakusikia nilimwambia masikio yake machafu.

Mwezi haujaisha akaja mfanyabiashara mmoja aliyetaka kiwanja kile ajenge ghala. Akasema magofu ni hatari kwa watoto, yabomolewe. Mtaa ukakataa. Mwalimu Petro alikataa kwa sababu babu yake na wazazi wake wamezikwa ubavuni mwa ukuta ule, na kwa sababu lilikuwa kanisa lake. Sisi tulikataa kwa sababu ya sakafu, na kengele, na kwa kumwonea uchungu. Na aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba. Yule wa maneno matano alipata ulimi ghafla, akisimama kila kikao.

"Mkilibomoa hili," alimwambia yule mfanyabiashara, "nani atatwambia mvua inakuja? Weye?"

Nilimpenda baba wakati ule mpaka kifua kikiniuma.

Wakaja wakaguzi watatu wa majengo ya kale kutoka Unguja, mkubwa wao mama mmoja mpole mwenye miwani. Aligonga kuta kwa vidole, akasema bado zina nguvu. Likithibitishwa kuwa ni la umri ule tunaousema, alieleza, litalindwa, hakuna wa kuligusa. Ila anataka ushahidi. Vitabu vimeungua.

"Kengele ina maandishi," Mwalimu Petro alisema, mikono yake ingali imefungwa vitambaa. "Mwaka, na majina ya walioileta. Nayajua kwa moyo."

"Nakuamini, Mwalimu. Lakini ofisini sitapeleka moyo wako. Kengele yenyewe iko wapi?"

Mwalimu Petro alimgeukia baba, akamtazama. Baba akatazama makubazi yake miguuni. Hapo mimi, niliyeona mtaa wangu unashindwa kwa kukosa mtu wa kusema, nikajitokeza katikati ya watu kifua mbele.

"Iko Fundo," nikasema. "Imepita chini. Hata miye nimeisikia."

Yule mama alicheka kidogo, bila ubaya. Wenzake walicheka sana. Akainama, akaniuliza taratibu nani kaniambia. Kabla sijajibu, mkono wa baba ulitua begani kwangu.

"Mtoto asema kweli," baba alisema.

Sijawahi kuwa na furaha kuizidi ya siku ile. Baba yangu alinisadiki mbele ya watu wa Unguja. Mwalimu Petro alikuwa amekwisha fungua kinywa kusema kitu. Alinitazama mimi, akamtazama baba, akakifunga. Kisha akasema tu, "Basi, Hamadi. Mtoto keshajibu." Yule mama akaandika mstari mmoja na kufunga daftari.

Tingatinga lilikuja kutoka Chake asubuhi ya jua kali. Wanawake walitandika majamvi matupu juu ya sakafu wakayakalia, Bi Time mbele, viatu amevua. Walinyanyuliwa mmoja mmoja, kwa heshima lakini walinyanyuliwa. Mwalimu Petro alikuwa kwenye kiti chake ubavuni mwa makaburi. Akaombwa asimame, akasimama, akakibeba kiti mwenyewe kwa viganja vile vibovu na kuondoka bila kugeuka. Alihamia Tanga na mkewe, kwa binti yao, na huko alikufa. Baba alipiga kelele siku ile mpaka sauti ikamkauka, na tangu hapo alirudi kwenye maneno yake matano. Nilidhani ni huzuni ya kushindwa.

Msimu uliofuata tulianika kando ya barabara. Mvua ilitukuta mara nne. Karafuu zilivunda, zikawa nyeupe kama vidole vya mfuaji, na mama alizichambua huku akilia.

Mimi niliendelea kuisimulia kengele. Nimeisimulia kwenye arusi, kwenye foleni za hospitali, nimeisimulia hata darasani, kwenye masomo ya usiku niliyoyaanza nina mvi na kuyamaliza nina mvi zaidi, darasa likacheka mpaka mwalimu akakaa chini. Niliiona ni hadithi ya mtaa uliojaribu. Baba aliponyamaza ninapoisimulia, nilidhani anaionea fahari.

Baba alipofariki, mwaka jana, tulimsomea khitma. Wageni walipokwisha kula nikaisimulia tena, kwa madaha, na changu wangu wenye adabu, watu wakacheka vizuri. Mama akaniita uani. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, hana nazi, amechoka tu.

"Usiisimulie tena ile," aliniambia. "Kengele haikwenda Fundo, mwanangu. Baba yako aliivunja kwa nyundo, akaviuza vipande kwa mnunuzi wa shaba. Petro alijua. Siku ile ya wakaguzi alitaka kusema, vipande vikatafutwe, akakuona weye umesimama na babako, akakuonea huruma."