Nilikufa kwa ajili ya frigo: déficit ya mutuelle yetu hapa Nguba

Wakuu, jambo zenu. Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, na asiyeamini apande pikipiki aje mtaa wetu wa Nguba, kando ya ziwa, nitamwonyesha hata hilo frigo.

Kwanza niungame jambo ambalo nimelikana kwa muda mrefu. Nimelikana nyumbani, nimelikana kanisani, na humu jukwaani nimelikana mkuu mmoja aliponiuliza waziwazi.

Mimi ni marehemu.

Tena nimekufa kihalali. Kikao kilikaa, kikapitisha, na watu wakasimama kimya kwa ajili yangu. Nami nilisimama nao, kwa heshima.

Naeleza.

Nimewaona mkibishana humu juu ya deni la taifa. Mmoja anasema serikali ikiendelea kutumia kuliko inavyoingiza, wajukuu wetu watazaliwa wakidaiwa. Mwingine anajibu kwamba nchi zote zinakopa, acheni kelele. Redio nayo ilisoma bajeti, ikataja pengo, ikasema litazibwa kwa mikopo, kisha ikaweka muziki.

Mimi nilisoma uchumi chuo kikuu. Ndiyo maana sitawaletea nadharia, nilizo nazo zimeshaleta hasara ya kutosha. Nawaletea mutuelle yetu.

Kwa asiyejua, mutuelle ni chama cha kusaidiana. Ya kwetu ni ya kilio. Kila mtu wa barabara yetu anatoa mchango, na mwanachama akifariki chama kinanunua sanduku, kinakodi basi na kuwalisha waombolezaji. Mimi ni trésorière, yaani pesa inakaa kwangu. Nilichaguliwa kwa sababu ya diploma. Hakuna aliyeuliza nilipata alama gani.

Mambo yalianza na Tonton Zihindula, fundi wa redio. Upepo wa ziwani ulikuwa umempeperushia nusu ya paa. Akaja kwenye kikao na swali.

"Nikikufa, munanipa makuta ya kilio?"

"Pesa hiyo tunaipa familia yako," alijibu président wetu, Papa Murhula, mwalimu mstaafu anayependa utaratibu kuliko chakula.

"Basi hiyo makuta iko yangu. Munipe sasa, ningali na kinywa ya kusema aksanti."

Watu wakacheka. Papa Murhula hakucheka. Alinigeukia mimi, msomi.

"Maman, serikali inafanyaka vile?"

Wakuu, hapo ndipo ningepaswa kusema sijui. Lakini mtu aliyesoma akiulizwa swali mbele za watu ni kama mbuzi aliyeona mahindi. Nikasimama. Nikaeleza déficit, lile pengo la bajeti. Nikaeleza kwamba serikali inakopa leo kwa pesa ya kesho, na kwamba inakopeshwa kwa sababu, tofauti na mimi na wewe, dola halifi.

"Na mutuelle inakufaka?" akauliza Papa Murhula.

"Hapana. Wanachama ndio wanakufa."

"Kumbe tuko sawa na serikali."

Ikapita. Tukaiita avance ya kifo, yaani malipo ya mapema.

Ila Papa Murhula akaweka sharti moja. Pesa ya kilio haiwezi kutoka bila kilio, utaratibu ungevunjika. Kwa hiyo tulisimama kimya dakika moja kwa ajili ya Tonton Zihindula. Zihindula mwenyewe alikuwa mbele, kofia mkononi, ameinamisha kichwa. Mkewe alitokwa na machozi kidogo. Kisha marehemu akatununulia bia.

Mkishafungua mlango wa namna hiyo, nani ataufunga? Mmoja akafa kwa sababu ya karo ya watoto. Mwingine akafa apate mtaji wa kwenda Kamituga kununua dhahabu, akarudi na malaria tu. Papa Murhula mwenyewe alikufa ili amalizie ukuta wa ua wake, na hotuba ya rambirambi alijisomea yeye mwenyewe, maana président ndiye anayeisoma.

Mimi niliwaonya. Niliwapa somo zima kwamba mkopo mzuri ni ule unaozalisha, na mkopo wa kula ni sumu.

Wiki iliyofuata nikafa kwa ajili ya frigo.

Wenyeji mnacheka, maana mnajua umeme wa hapa unavyokuja kama mgeni anayepitia kusalimu tu. Nilipanga kuuza maji baridi na jus. Leo frigo linatunza sahani, na vitabu vyangu viwili vya uchumi, sehemu ya chini, pale wengine wanapoweka mboga.

Mume wangu nilimwambia ni zawadi ya dada yangu. Ndiko kukana kwenyewe.

Basi tukaendelea, hadi likazuka swali ambalo profesa wangu hakulifundisha. Je, marehemu analipa mchango?

"Mulishaona mufu anatoa mchango wapi?" alisema Zihindula.

Kisheria hakuwa na kosa. Marehemu wote wakampigia makofi, na marehemu tulikuwa wengi. Papa Murhula akajaribu kutangaza ufufuo: mtu akirudisha kidogo kidogo, jina lake linarudi kwa walio hai. Tuliomba, tukabembeleza. Hakuna aliyefufuka.

Hazina ilipokauka tukaenda kukopa kwa mutuelle ya Kasha, kule Bagira. Walitupokea vizuri mno, wakatupa na riba juu. Mkopo ule ulilipia avance za mwisho. Na riba ya mkopo tukawa tunailipa kwa michango ya wanachama hai.

Mwanachama hai alikuwa mmoja. Maman Nsimire.

Huyu ni mjane, mama wa umri wa bibi yangu, aliyeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni maisha yake yote. Kwenye kile kikao cha kwanza hakuwepo, goti lilimsumbua. Hakuna aliyemweleza lolote baadaye. Kila Jumapili baada ya misa ananiletea mchango wake umefungwa kwenye pembe ya kitenge, anaufungua taratibu, ananipa, kisha anaanza kunihadithia mazishi yake. Sanduku liwe na mishikio ya kung'aa. Kwaya ivae sare. Basi limpeleke hadi Kabare, azikwe kando ya mama yake, si hapa mjini ambako wafu wanabanana.

"Wewe unaandika, eh? Usisahau mishikio."

"Naandika, maman."

Nilikuwa naandika kweli. Pesa ndiyo haikuwepo.

Sasa mnaelewa tulivyoanza kuishi. Barabara nzima ilikuwa na kazi moja, kuhakikisha Maman Nsimire hafi. Papa Murhula, mtu wa kukunja uso, alimshika mkono akimvusha barabara. Tulimkataza kupanda pikipiki. Zihindula alimtengenezea mlango bila malipo. Mimi nilimpelekea uji wa soya, asali, chai ya tangawizi. Akipiga chafya, nyumba sita zinatoka nje.

Yeye alifurahi, na akazoea. Alianza kuchagua. "Hii asali si kama ile ya juzi." "Murhula, polepole, nina goti." Siku moja alimtuma Zihindula sokoni, kisha akamrudisha kwa sababu nyanya zilikuwa laini.

Alituambia pia kwamba hajawahi kuona majirani wenye upendo kama sisi. Hapo kila mtu aliangalia viatu vyake. Na la ajabu, wakuu, katikati ya uongo ule nilianza kumpenda kweli. Kuna jioni nilimpelekea uji bila kuwaza hazina hata kidogo, nikagundua hilo nikiwa njiani kurudi.

Majuzi akapata kikohozi. Usiombe uone. Kikao cha dharura kilikaa, marehemu wote wakahudhuria. Tukachanga kutoka mifukoni nauli ya teksi na pesa ya daktari, michango mikubwa kuliko ile tuliyokataa kuitoa tulipoombwa kufufuka.

Nikiwa nimekaa nyumbani nangoja majibu ya daktari, ndipo nikaanza kuwaandikia uzi huu.

Nilichojifunza ni hiki. Mnapobishana juu ya asilimia za deni la taifa, mnasahau kuuliza ni nani hakuwepo kwenye kikao. Serikali ikikopa, sisi tulio ukumbini tunakula, na kuna mtu fulani mahali, ana goti, analipa kila Jumapili na anaamini akiba yake ipo. Mpango wote unasimama juu ya jambo moja tu, kwamba mtu huyo asije akaidai. Nilipokuwa chuoni waliniambia hiyo inaitwa imani ya soko. Kwetu ni uji wa soya.

Kwa hiyo naomba ushauri, na matusi pia nitayapokea. Tumwambie ukweli? Au kila marehemu auze alichonunua tuanze kulipa, mimi nikianza na frigo? Kuna anayetaka frigo? Halijatumika sana.

Nilikuwa naandika hapo simu ikalia. Alikuwa yeye. Nayaandika kama yalivyokuja.

"Maman Trésorière, uko muzima?"

"Niko, maman. Daktari amesema nini?"

"Anasema moyo yangu iko ya musichana. Njo nimefikiri, kama sikufi mbio, ile makuta yangu inalala bure. Banasema ninyi bote mulikwisha kuchukua yenu."

"Nani amesema?"

"Zihindula. Nilimupa kasiksi kidogo, ile pombe ya ndizi, akasema yote, na ya frigo yako. Sikasiriki, mutoto yangu. Munisimamie na mimi ile dakika yenu, munipe yangu."

"Maman, kwanza tuongee na président..."

"Président iko hapa. Ameshika ngazi. Fundi iko juu ya nyumba, mabati ya zamani amekwisha kutoa yote. Na mvua naiona inatoka upande ya ziwa. Unafika na makuta saa ngapi?"