Punguzo la Marehemu

Mke wangu hakuwa mtu wa kupunguza bei. Alisuka ukili na kushona mikeka hapa Mwabungo tangu nilipomuoa, na mnunuzi akimwambia, "Nishushie kidogo, mama," yeye alitabasamu tu na kuendelea kupitisha sindano. Bei yake ilikuwa bei yake. Ila mtu akishalipa na kuukunja mkeka wake, alimwita arudi, akamtilia nyongeza: pepeo la jikoni, au kikapu kidogo cha mtoto. Alisema kwamba punguzo mtu hulitoa akiwa amebanwa, lakini nyongeza huitoa akiwa ameridhika.

Wageni wa bara waliohamia Ukunda walimchekesha. Wao husema diskaunti, husema ofa, husema "mama, nipe bei ya jioni" jua likiwa utosini. Alikuwa akiwajibu kwamba jioni haijafika, wakanywe chai kisha warudi. Walicheka, wakalipa.

Ndiyo sababu nilishangaa siku aliporudi nyumbani akiwa na furaha ya kupunguziwa. Kwa muda mrefu alikuwa akilipa kidogo kidogo fedha za safari ya Umra katika ofisi moja ya Ukunda. Mwenye ofisi nilimsomesha mimi katika chuo changu cha Kurani, tangu alifu mpaka mlango wa biashara katika fiqhi. Alikuwa ametangaza kwamba atakayemaliza kulipa kabla ya mwezi wa Rajabu kwisha atapata punguzo. Mke wangu alikuwa amebakiza sehemu ya kulipa, na fedha hizo hakuwa nazo. Basi akachukua arbuni kwa wanawake watatu, fedha za mbele za mikeka ambayo hata ukindu wake haujakatwa.

Nilimwambia si vizuri kula fedha za kazi isiyoanza.

"Maalim," akanijibu, maana hata yeye aliniita hivyo, "maisha yangu yote nimewatilia watu nyongeza. Leo acha na mimi nionje punguzo."

Tulikwenda pamoja. Mwanafunzi wangu alipokea fedha, akahesabu, kisha tukainua mikono tukasoma Fatiha. Sisi watu wa huku tukishasoma Fatiha juu ya jambo, hatuulizi tena. Kuuliza baada yake ni kumtilia mwenzako shaka mbele ya Mungu. Tulipokuwa tukitoka ndipo nilipoona bango juu ya mlango, mahali ambapo mteja aliyeketi hawezi kulitazama ila akishageuka kwenda zake. Liliandikwa kwamba fedha za punguzo hazirudishwi. Nililisoma vizuri. Nikadhani limewekewa watu wasiojuana na mwenye ofisi.

Kabla ya Ramadhani mke wangu alianguka jikoni. Ilikuwa presha. Tulimfikisha hospitali ya Msambweni akiwa hai, tukarudi naye akiwa maiti. Alhamdulillahi kwa kila hali.

Kabla ya kuswaliwa jeneza, ada yetu ni kumtaka mtu yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, kwa kuwa roho ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Nilisimama mwenyewe mbele ya safu. Nikasema kwamba marehemu alichukua arbuni za watu, na kwamba deni hilo limehama kwake limekuja kwangu, nitalilipa kabla ya hitima ya kuondoa matanga. Nilisema kwa moyo mkunjufu. Nilijua fedha ziko wapi.

Baada ya siku chache nikaenda Ukunda. Mwanafunzi wangu aliinuka, akaniamkia shikamoo, akanibusu mkono. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, hilo siwezi kumnyima. Akaagiza kahawa. Nilimweleza kwamba sihitaji fedha zote kwa mara moja. Anirudishie kwanza kiasi cha arbuni ili nimfungue marehemu, nyingine akae nazo hata mwaka. Akaniambia kwamba fedha zilizolipwa kwa punguzo zina masharti yake, na kwamba akimrudishia mmoja watakuja wote.

"Lakini siwezi kukuacha hivi hivi, maalim wangu," akasema. "Safari ijayo nitakufanyia punguzo kubwa."

"Sikuja kusafiri. Nimekuja kulipa deni la maiti."

Hapo nikamkumbusha iqala, yaani kumkubalia mwenzako airudishe biashara aliyojutia au aliyokwama nayo, na jinsi Mola alivyomwahidi anayefanya hivyo kumwondolea kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Sikufika mwisho. Hadithi hiyo ya Mtume aliimaliza yeye, kwa Kiarabu, kila irabu mahali pake. Kisha akashusha sauti.

"Lakini hiyo ni sunna, maalim. Si faradhi. Ulitusomesha wewe mwenyewe."

Na ni kweli. Nilimsomesha mimi, na siku aliponijibu hivyo chuoni nilimsifu mbele ya wenzake. Nililitafuta kosa katika maneno yake kama nilivyokuwa nikilitafuta kwenye ubao wake wa mbao, sikuliona. Nikanywa kahawa yake, kwa kuwa kuiacha ni utovu wa adabu, nikatoka chini ya lile bango.

Wanawake wawili walikuja nyumbani wakasema wameshamsamehe marehemu, radhi dunia na akhera. Mungu awalipe. Wa tatu alikuwa akimwoza binti yake, na mkeka ule ulikuwa wa chumba cha bi harusi. Aliketi karibu na mlango, buibui likiwa limemfunika mdomo, akaizungusha kahawa yake kikombeni mpaka ikapoa.

"Maalim, nimempunguzia marehemu nusu," akasema hatimaye. "Nusu iliyobaki siwezi. Ni ya mwanangu."

Nilimwambia asione haya, amefanya zaidi ya wenye uwezo. Kesho yake nikauza mbuzi jike ambaye mke wangu alikuwa akimfuga nyuma ya nyumba. Mnunuzi alijua nimo matangani na nina haraka. Aliomba nishushe, nikashusha. Akaomba tena, nikashusha tena. Nikamlipa mama wa bi harusi, na alipokuwa akiondoka nikamwita arudi. Nikampa pepeo la mwisho lililosukwa na mikono ile. Alielewa, akalia.

Fedha za Umra hazijarudi. Mwanafunzi wangu alisafiri na kundi lake, na aliporudi aliniletea tende na chupa ya maji ya Zamzam. Nilishukuru. Maji nimeyanywa, na marehemu nimemwombea.

Nyumba yake iko hapa Mwabungo, na tunaswali msikiti mmoja. Yeye hupenda safu ya kwanza, kushotoni kwangu, bega kwa bega, kama alivyozoea tangu utoto. Katika madhehebu yetu swala huishia kwa salamu mbili. Ya kuliani ni faradhi. Asiyeitoa hajamaliza swala yake. Ya kushotoni ni sunna. Kila alfajiri nikishaitoa ya kuliani shingo yangu husita, na najua hakuna wa kunilaumu nikiinuka hapo hapo. Kisha nageuka, nauona uso wake ukiningoja, naitoa.