Nilivyosaka driver ya graphics card ya Windows 7 hapa Karatu, baada ya kupuliza desktop gereji

Wakuu, shikamooni mlio wakubwa kwangu, wadogo mambo vipi.

Hiki kimenitokea mimi mwenyewe, tena juzi juzi tu. Chumvi sijaongeza. Nimebadilisha majina, maana Karatu ni ndogo na humu mpo wengi.

Nina studio ndogo hapa mjini. Napiga video za harusi, kipaimara na misiba. Pia nahamisha video kutoka zile kanda ndogo za kamera za zamani kwenda kwenye flash. Kazi ya kanda inafanywa na desktop moja ya siku nyingi, ina Windows 7.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "weka Windows 10 mkuu". Tulia kwanza.

Ndani ya hiyo desktop kuna kadi ya kunasa video kutoka kwenye kamera. Waliotengeneza kadi hiyo hawakutoa driver nyingine, yaani programu ya kuiendesha, baada ya Windows 7. Ukipandisha Windows, kadi inabaki bati tu. Nilishajaribu, nikarudi nilikotoka.

Basi, mwanzoni mwa wiki akaja mama mmoja kutoka Mbulumbulu, nimwite Mama Emanuel. Alikuwa na kanda kaifunga kwenye leso.

Emanuel, mwanae wa kwanza, alifariki mwaka jana. Jumamosi ilikuwa misa ya kumbukumbu na kuweka msalaba kaburini. Kanda ilikuwa ya harusi yake.

"Siku ile Emanuel anashukuru wazazi, mimi nilikuwa nyuma kwenye masufuria," akaniambia. "Wageni walizidi, nikawa napakua. Watu wanasema alinisema vizuri sana. Mimi sijawahi kuyasikia hayo maneno."

Nikamuuliza kwani hawakuwahi kuangalia. Akasema mpiga video aliwapa kanda, akaahidi kuleta CD, kisha akahama mji.

"Nataka niyasikie kabla ya misa, mwanangu."

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Njoo Ijumaa mama, utayakuta tayari."

Mdomo huu!

Desktop ilikuwa inaunguruma kwa vumbi, nikaona niisafishe kwanza. Sasa, kwa wasiojua mji wetu, magari ya watalii yakishuka kutoka Ngorongoro yanapita gereji kupulizwa vumbi kwa compressor. Na sisi wengine tunapeleka vyetu hapo hapo. Spika, cherehani, redio, mpaka viatu. Kila kitu Karatu kinapulizwa.

Nikaibeba desktop mpaka kwa jirani yangu Elibariki, fundi gereji.

"Baba Neema, hii gari yako mbona haina matairi?" akanitania, huku anavuta mpira wa upepo.

Akapuliza. Feni ya graphics card, ile kadi inayoleta picha kwenye kioo, ikazunguka mpaka ikapiga mluzi. Tukacheka wote wawili kama wajinga.

Kurudi studio, nawasha, kioo cheusi. Upepo ule ni wa kujaza tairi za Land Cruiser, wakuu, na unakuja na matone ya maji. Card ikafa palepale.

Kamera yangu ya kuchezea kanda nayo ni mgonjwa, kioo chake hakiwaki na tundu la kuunganisha TV limekufa. Bila desktop hakuna njia nyingine ya kuona kilichomo kwenye kanda. Nikaagiza card used kutoka Arusha, ikaja kesho yake na Coaster.

Nikaifunga. Picha ikaja, ila icon kubwa kama sahani, na programu ya video ikagoma kufunguka. Inataka driver.

Hapo ndipo nilipoanza kuteseka.

Nikagoogle jina lililoandikwa kwenye stika ya card. Zikaja website zenye vitufe vya kijani vya Download kila kona. Nikabonyeza kimoja. Nikapata antivirus mbili nisizozijua na browser mpya. Driver hakuna.

Nikaenda website ya watengenezaji wenyewe. Card ile iko, driver zake ni za Windows 10 na 11 tu. Nikalazimisha, ikaniambia haiendani na Windows yangu. Nikashusha nyingine, bando likaisha, majibu yale yale.

Ijumaa asubuhi Mama Emanuel akafika. Nikamwambia ukweli kwamba mashine imeharibika na bado napambana.

Hakulalamika. Akakaa kwenye benchi wanaposubiria watu wa passport size, akasema, "Basi nitakaa."

Niliona aibu sana. Angenifokea ingekuwa nafuu.

Nikaingia humu jukwaani kufukua nyuzi za zamani. Kuna mkuu aliwahi kuandika: usiamini stika, muulize Windows. Ingia Device Manager, bonyeza card, Properties, Details, halafu Hardware Ids. Chukua zile namba za VEN na DEV, kazitafute hizo.

Nikafanya hivyo. Kumbe card sio ile ya kwenye stika! Ni toleo la zamani zaidi, mtu kalibandikia jina la kisasa. Nimepigwa.

Lakini sikilizeni. Lile toleo la kwenye stika halina kabisa driver ya Windows 7. Hili la zamani linayo. Aliyeniibia ndiye aliyeniokoa, na sijui nimlaani au nimshukuru.

Nikarudi website ya watengenezaji, sehemu ya driver za zamani, nikachagua ya 32-bit maana Windows yangu ni 32. Hilo pia liangalieni kwenye Properties ya Computer kabla ya kuchoma bando. Ikakubali. Nikarestart, icon zikarudi saizi yake.

Kwa hiyo funzo la kiufundi ni hilo: namba za Hardware Ids kwanza, kisha website ya mtengenezaji, vitufe vya kijani achaneni navyo. Na compressor ya gereji ibaki kwa magari.

Nikaingiza kanda, nikamwita mama asogee.

Emanuel yuko na suti, kashika mic. Anamshukuru baba yake. Kisha anageuka huku na huku, "Na mama yangu yuko wapi?"

Watu wanacheka. Mmoja anapaza sauti, "Yuko jikoni!"

"Mwiteni basi, nataka anisikie."

Kamera inageukia mlangoni. Inasubiri. Hatokei mtu. Emanuel anasema, "Haya, mtamwambia. Mama alilima mashamba ya ngano ya watu ili mimi nivae viatu vya shule. Mama, asante."

Pale studio Mama Emanuel akasimama. Akaweka kitenge chake vizuri begani, akakiangalia kioo.

"Nipo, baba," akasema. "Nimekuja."

Mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Wakuu, mlio na kanda kabatini, mnasubiri nini? Na mwenye swali la driver aulize hapa chini, ninachokijua nitajibu.