Medali Mbili Zenye Jeraha Moja

Roswitha Seiffarth alikuwa na neno moja lililoogopwa kuliko matusi yote ya mji wa Zeitz, Ujerumani, nalo ni "nzuri." Ukimpelekea medali ya zamani akasema ni ya kweli, ulikwenda zako ukitabasamu. Akisema ni ya uongo, ulinung'unika kidogo, kisha ukazoea. Lakini akiitazama kwa lenzi, akainusa, akaigonga kwenye jino la mbele, halafu akakurudishia mkononi na kusema taratibu, "Nzuri," basi ujue maana yake: aliyeighushi ni fundi, na wewe uliyeinunua ni mjinga.

Siku za kazi alikata tiketi kwenye bwawa la kuogelea. Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikaa kwenye meza ya pembeni katika ukumbi wa wafuga njiwa, ambako wakusanyaji wa medali za michezo walipewa nafasi kwa sharti la kutosema lolote juu ya harufu. Wanaume wenye vitambi na vyeo vyao walipanga foleni mbele yake wakiwa wapole kama watoto wanaosubiri sindano. Nadhani alilifurahia jambo hilo zaidi ya inavyostahili.

Kazi hiyo alijifunza kwa medali ya baba yake. Bruno Seiffarth, mwoka mikate, aliipata mwaka 1931 kwa kushinda mbio za wilaya. Ilikuwa ya shaba, na ukingoni ilikuwa na jeraha, kibonyeo chembamba kama punje ya ngano, kwa sababu siku ile ile ya ushindi Bruno aliiangusha kwenye ngazi za kanisa akiwaringishia wasichana. Kisa hicho Roswitha alikisikia kila Krismasi. Medali hiyo ndiyo aliyoifananisha na nyingine zote zilizopita mezani pake, na baba alipokuwa kitandani siku zake za mwisho alimwomba jambo moja tu, kwamba isije ikaishia kwenye droo.

Sasa manispaa ilikuwa imetengeneza kabati la kioo la wanamichezo wa zamani, na medali ya Bruno ilipangiwa rafu ya katikati. Roswitha alikwisha kununua gauni la siku hiyo. Kilichobaki ni sheria, ambayo aliitunga mwenyewe: hakuna medali inayoingia kabatini bila kupimwa mezani mbele ya watu. Aliitunga akiwafikiria wengine.

Detlef Quandt, fundi wa matrekta kutoka kijiji cha jirani, alikuwa akiingoja Jumamosi hiyo kwa miaka. Yeye naye alikuwa na medali ya mbio zile zile za 1931, yenye jeraha lile lile. Siku alipoileta mara ya kwanza, Roswitha hata kuinusa hakuinusa.

"Bwana Quandt," alimwambia siku ile, "kiwandani medali hugongwa kwa muhuri wa chuma, zote zinatoka sawa. Lakini jeraha halitoki kiwandani, linatoka barabarani. Medali mbili haziwezi kuanguka mahali pamoja kwa namna moja. Zikifanana mpaka jeraha, moja imesubiwa kwa kuiga mwenzake. Mtu ametengeneza kalibu, akamimina shaba, na kalibu imeiga kila kitu pamoja na ajali. Nzuri."

Hakuna neno la uongo katika maelezo hayo. Detlef aliondoka masikio yamemwiva, na tangu siku hiyo hata kwenye kituo cha mafuta wakawa wanamwita Bwana Nzuri.

Basi Jumamosi hiyo akasimama mbele ya meza na medali yake, na kipimio cha gereji, kile cha chuma chenye taya mbili.

"Sheria ni sheria, Bi Seiffarth."

"Unataka niipime medali ya baba yangu?"

"Yangu uliiangalia kama mtu anayeangalia basi lililokwisha kumwacha. Leo tupime zote mbili."

"Yako haikuwa na haja ya kupimwa."

"Basi yako haitaumia ikipimwa."

Mwenyekiti Nettelbeck, mtu wa njiwa na amani, akajaribu kuingilia. "Jamani, keki inapoa."

"Keki ya plamu hailiwi moto, Nettelbeck," mtu akasema kutoka nyuma.

"Basi kahawa."

Hakuna aliyeifuata kahawa. Kila mtu ukumbini alijua kinachopimwa, kwa sababu Roswitha ndiye aliyewafundisha: shaba iliyomiminwa hunywea inapopoa, kwa hiyo nakala, kama mtoto, huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Akaishika medali ya Detlef kwa ncha za vidole, kama soksi ya mtu mwingine, akaibana kwenye taya za kipimio na kukaza skrubu. Ikakaa imara. Akaitoa bila kuilegeza skrubu, akaiweka ya baba yake mahali pale pale.

Ikapita katikati ya taya na kuanguka kwenye kitambaa cha meza.

Akairudishia. Ikaanguka. Akazifuta taya kwa leso na kusema kipimio kimejaa grisi, jambo ambalo lilikuwa kweli na halikusaidia. Ndipo akachukua lenzi. Maisha yake yote hakuwahi kuitazama medali hiyo kwa lenzi. Nani atamtazama babaye kwa lenzi? Katika sikio la mkimbiaji aliyechorwa pale aliona vitundu vidogo vidogo vya hewa, vile vinavyobaki katika vitu vya kusubu. Akamkumbuka mjomba Egon, kaka wa mama yake, aliyetengeneza meno ya bandia kwa kalibu na madini ya kumimina mpaka alipostaafu.

"Yako umeipata wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Detlef alikuwa amejiandalia maneno ya kejeli ya kumtosha mpaka Pasaka. Alipomwona uso, hakuyatoa.

"Kwenye kopo la biskuti la bibi yangu. Ndani ya kopo mlikuwa na pete za ndoa za watu, na saa. Ule msimu wa baridi wa arobaini na saba, njaa ya baada ya vita, watu wa mjini walikuja shambani kubadilisha vitu kwa chakula. Bibi hakuwa mbaya. Mwema sana pia hakuwa. Mwenye medali hii aliondoka na gunia la viazi na chupa ya maziwa. Bibi alisema mtu huyo alikimbia na gunia mgongoni mpaka barabarani, bibi asije akabadili mawazo."

"Maziwa ya nini?"

"Alisema ana mtoto mchanga."

Roswitha alizaliwa Novemba 1946, na hakuwa na ndugu. Hilo kila mtu alilijua, kwa kuwa hamsini yake aliisherehekea humo humo ukumbini. Wanaume wakaanza kuitazama keki kwa makini.

Akainuka. "Ya Bwana Quandt ni ya kweli."

"Sikusikia vizuri," akasema Detlef, ulimi ukiwa umetangulia, na papo hapo akajuta.

"Ya Bwana Quandt ni ya kweli," akarudia, safari hii kwa sauti ambayo njiwa waliisikia huko juu darini. "Yangu ni ya uongo. Nilikutukana mbele ya watu, Bwana Quandt, na nakuomba radhi mbele ya hao hao."

Nettelbeck akakohoa. "Sasa kabatini iingie ipi?"

"Yake. Andikeni jina la baba kama mshindi, na la Quandt kama mwenye mali."

"Ichukue tu, Bi Seiffarth," Detlef akasema, akiisukuma juu ya meza. "Ni ya baba yako."

"Si yake. Aliiuza, na bei yake alilipwa."

"Viazi?"

"Nilivila mimi." Akamsukumia Detlef medali yake. "Medali ya baba niliila mimi. Na kila Krismasi alinisimulia habari za ngazi za kanisa, hizo tu."

Alilia wazi mbele ya wote, mikono yake ikiwa bado juu ya meza.

"Lilikuwa gunia kubwa," akasema Detlef, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.