Alama Chini ya Kabari

Kila asubuhi, kabla ya kufagia, mzee Jeremiah hugonga kisigino cha randa yake ya mbao hadi kabari ilegee. Huchomoa kisu, huchungulia tumboni mwa randa, kisha hurudisha kila kitu na kukaza. Hakuna anachorekebisha. Mimi huazimisha vitabu mlango wa pili, hapa Kicukiro, Kigali, na kwa muda mrefu niliamini anaficha kitu humo. Sikuthubutu kuuliza.

Ni mtu wa Bukoba, mnoaji wa misumeno. Watu humletea zana kuukuu azisome alama na kuwaambia ni za miaka gani. Hamwamini yeyote. Nyundo ikija na kutu, huinusa kwanza, kwa sababu wapo wanaotia kutu kwa chumvi na siki.

Mwezi uliopita Kenny, muuzaji wa vitu vya zamani, aliingia na randa. Nyuma yake alikuwa Mukankusi, bibi wa Kibagabaga, aliyeiona kwenye meza ya Kenny. Walikubaliana neno la Jeremiah liwaamue.

"Muzee, iko randa tu," Kenny alisema. "Nimenunua kule Ndera, nyumba inabomolewa. Huyu mama amenikamata shati kama mwizi!"

"Ni ya baba yangu," alisema Mukankusi. "Aliiazimisha, haikurudi. Alipokufa hatukubaki hata na picha yake."

"Aliipata lini?" Jeremiah aliuliza.

"Kabla sijazaliwa. Kabla ya vita vya Wazungu."

Jeremiah alichomoa kisu, akakisugua kwa kidole chenye mate. Maandishi yakajitokeza: kimetengenezwa Ujerumani Magharibi.

"Mama, kabla ya vita vile nchi ya jina hili haikuwepo. Unadanganya, au ulidanganywa."

Kenny alicheka, akanyoosha mkono achukue mali yake. "Kigali hii kila mtu baba yake alikuwa fundi!"

"Kisu kiliisha, akatia kingine," Mukankusi alisema. "Wewe mzee, ukibadilisha viatu unakuwa mtu mwingine?"

Jeremiah hakucheka, lakini aliishika randa Kenny asiichukue. "Kwenye mbao aliweka alama?"

"Ndani, kabari inapokaa. Alichoma kwa msumari wa moto. Ya nje, mwizi huikwangua."

"Usiitaje. Chora." Alitandaza unga wa mbao mezani. "Kenny, tazama ukuta."

"Yewe! Sijasimamishwa hivi tangu shule ya msingi."

Mukankusi alichora mkuki, na chini yake duara. Jeremiah alifuta uchafu tumboni mwa randa. Mkuki ulikuwapo, na duara. Bado hakuridhika, aliuchokonoa mchomo kwa sindano, akitafuta weusi mpya. Hakuupata. Alirudisha kisu, akamkabidhi Mukankusi randa kwa mikono miwili.

Kenny aligeuka, akatazama meza, akatazama uso wa bibi. "Chukua, mama. Mimi sitaki kuchomwa mkuki wa marehemu."

Mukankusi aliondoka ameipakata kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimeona yote kutoka mlangoni, na sasa nilijua ni kitu gani fundi huweka mahali pale. Nilisogea karibu na meza.

"Mzee, kila asubuhi unatazama nini kwenye randa yako?"

"Hii si yangu," alisema. "Tulibadilishana randa kwa makosa, tukiwa kazi moja Bukoba, na mwenzangu sikumwona tena. Natazama alama yake, nisije nikaizoea kama yangu."